UKURASA WA YALIYOMO UNAPOSUMBUA KATIKA KOMPYUTA



Kamati za maji, vyama vya wazazi, vikundi vya kina mama na vya vijana sasa vinaandika taarifa na maombi yao kwa kompyuta. Taarifa ikiwa ndefu huwekewa ukurasa wa Yaliyomo. Anayeipokea ofisini ana nyingi za kusoma: hutazama Yaliyomo, kisha huenda moja kwa moja kwenye bajeti. Akiambiwa bajeti iko ukurasa wa 9, naye akifungua akute orodha ya wanachama, ataanza kushuku hata hesabu zenu. Ombi zuri linaweza kuwekwa kando kwa sababu ya namba ya ukurasa tu.

Programu za kuandikia kama Word na LibreOffice Writer zinaweza kutengeneza Yaliyomo zenyewe. Lakini ni lazima uelewe jambo moja: kompyuta haisomi taarifa yako. Inakusanya vichwa vya habari ulivyovitia alama, na inavikusanya upya pale tu unapoiamuru. Basi Yaliyomo yakikosea, ama alama imewekwa vibaya, ama hujaiamuru.

1. Kichwa cha habari hakionekani katika Yaliyomo.
Huenda umekikoza na kukikuza herufi tu. Kwa macho yako ni kichwa. Kwa kompyuta ni maneno ya kawaida yaliyonenepa. Weka kijistari kinachowakawaka katika kichwa hicho, kisha chagua "Heading 1" kwa sehemu kubwa, au "Heading 2" kwa sehemu iliyo ndani yake. Njia ya mkato katika Word ni kushika Ctrl na Alt pamoja na kubonyeza 1 au 2. Katika LibreOffice shika Ctrl peke yake. Kama umetumia "Heading 4", fahamu kwamba kwa kawaida Word huchukua ngazi tatu za kwanza tu.

2. Aya nzima imeingia katika Yaliyomo.
Aya hiyo imepewa alama ya kichwa. Mara nyingi mwandishi alimaliza kichwa kwa kubonyeza Shift na Enter pamoja. Mstari ulishuka, lakini kwa kompyuta kichwa kiliendelea. Futa mkato huo, bonyeza Enter peke yake, kisha irudishe aya kuwa maandishi ya kawaida: katika Word chagua "Normal", katika LibreOffice shika Ctrl na ubonyeze 0.

3. Namba za kurasa si sahihi.
Uliongeza au kupunguza maneno baada ya kutengeneza Yaliyomo. Katika Word bofya ndani ya Yaliyomo na ubonyeze F9. Ukiulizwa, chagua "Update entire table". Lile chaguo jingine hubadilisha namba tu na kuacha majina ya zamani ya vichwa. Katika LibreOffice bofya Yaliyomo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua "Update Index".

4. Penye namba pametokea "Error! Bookmark not defined."
Usiogope, taarifa yako haijapotea. Kichwa kilichokuwa kikielekezwa hapo kimefutwa. Fanya kama katika namba 3, ukisasisha Yaliyomo yote. Lakini ukiona "No table of contents entries found", maana yake hakuna kichwa hata kimoja chenye alama. Rudi kwenye namba 1.

5. Umesahihisha Yaliyomo, lakini kosa limerudi.
Ulisahihisha mahali pasipofaa. Chochote unachoandika kwa mkono ndani ya Yaliyomo hufutika yanaposasishwa. Sahihisha kichwa chenyewe ndani ya taarifa, kisha sasisha.

6. Nyumbani kurasa zililingana, kwenye kompyuta ya kuchapisha zimesogea.
Hili ndilo linalowapata wengi wetu, kwa kuwa tunaandika kwenye kompyuta moja na kuchapisha kwenye nyingine kwa kubeba flashi. Aina ya herufi uliyotumia inaweza kukosekana huko, au karatasi ikawa imepangwa kwa kipimo cha Letter badala ya A4. Maneno yakisogea, kurasa nazo husogea. Kwa hiyo sasisho la mwisho lifanyike kwenye kompyuta ile ile itakayochapisha. Njia nyingine ni kumaliza kazi kwenye kompyuta yako, kuhakiki, na kuhifadhi nakala ya PDF. Katika PDF kurasa hazisogei tena.

KABLA YA KUCHAPISHA

Karatasi na wino ni vya wote, na siku ya mwisho ya kupokea maombi haisogezwi kwa ajili ya kikundi kimoja. Kwa hiyo kaeni watu wawili. Mmoja asome Yaliyomo kwa sauti, mwingine afungue kila ukurasa unaotajwa kwenye skrini. Vikilingana vyote, chapisheni.

Mnakumbushwa pia kuweka nakala ya pili ya faili mahali pengine kabla ya kuanza kurekebisha. Mwenye taarifa inayoendelea kusumbua asisubiri siku ya mwisho. Aje nayo kwenye flashi kituo cha jamii, tuitazame pamoja.


Mhudumu wa jamii