Swali la sita la 1988: hesabu iliyowashinda wataalamu, vijana 11 wakaiweza

Mwezi wa saba mwaka 1988, mjini Canberra nchini Australia, vijana 268 kutoka nchi 49 walipewa karatasi yenye maswali matatu ya hesabu. Swali la mwisho lilikuwa na mistari michache tu. Kabla ya siku hiyo, kamati ya Australia iliyokuwa ikichagua maswali ilikuwa imejaribu kulijibu, ikashindwa. Ikalipeleka kwa wataalamu wanne wa nchi hiyo waliobobea katika elimu ya namba, ikawapa masaa sita. Nao hawakulipata.

Pamoja na hayo, swali liliwekwa katika mtihani, na vijana kumi na mmoja walipata pointi zote saba. Kisa hicho kilisimuliwa na Mjerumani Arthur Engel katika kitabu chake juu ya mbinu za kutatua maswali magumu. Tangu hapo, "swali la sita la 1988" limekuwa likitajwa kila mahali vijana wanapoandaliwa kwa mashindano ya hesabu.

Kati ya waliopata pointi zote za mtihani ule mzima alikuwemo Ngô Bảo Châu wa Vietnam, ambaye mwaka 2010 alipewa medali ya Fields, tuzo kubwa kabisa ya wanahesabu. Alikuwemo pia Nicușor Dan wa Romania, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa rais wa nchi yake. Na Terence Tao wa Australia, aliyetimiza miaka 13 mwezi ule ule? Alipata medali ya dhahabu, lakini katika swali la sita alipata pointi moja tu kati ya saba. Mwaka 2006 naye alipewa medali ya Fields.

Maswali sita, masaa tisa

Mashindano hayo ni Olimpiadi ya Kimataifa ya Hesabu. Yalianza mwaka 1959 nchini Romania, yakiwa na nchi saba tu. Leo hii nchi zaidi ya mia moja hushiriki. Kila nchi hupeleka vijana wasiozidi sita, wenye umri chini ya miaka 20 na ambao bado hawajaingia chuo kikuu. Mtihani huchukua siku mbili: kila siku maswali matatu, kwa masaa manne na nusu. Kila swali lina pointi saba, jumla 42. Mashine ya kuhesabia hairuhusiwi: ni biki, rula na kompasi tu.

Afrika nayo ina mashindano yake, Olimpiadi ya Hesabu ya Afrika Nzima, ambayo mwaka 2023 yalifanyika Kigali, jirani kabisa na Kivu. Na mwaka 2014, kwa mara ya kwanza, yale ya kimataifa yalifanyika katika bara hili, mjini Cape Town, Afrika Kusini.

Kwa mwanafunzi wa Goma, Bukavu, Bunia au Uvira, mtihani wa namna hiyo unashangaza kwanza kwa umbo lake. Katika mtihani wa serikali, Exetat, wafinalisti hupewa swali pamoja na majibu kadhaa, na kazi yao ni kuchagua moja lililo sahihi. Mwanafunzi anaweza kufika kwenye jibu kwa kuhesabu, kwa kuondoa yale yasiyowezekana, au hata kwa kubahatisha. Masahihisho hayaulizi alipitia njia gani.

Katika olimpiadi, njia ndiyo inayopewa pointi. Mara nyingi jibu lenyewe limeandikwa tayari ndani ya swali, na kinachoombwa ni uthibitisho: maelezo ambayo mtu mwingine akiyasoma hatakuwa na pa kupinga. Ni kazi ya aina nyingine, na mtu hujifunza kwa kuifanya.

Abiria sita ndani ya boti

Mfano wa kwanza hauhitaji hata kujumlisha. Abiria sita wamepanda boti kutoka Goma kwenda Bukavu. Onyesha kwamba kati yao, lazima kuna watatu wanaojuana wote, ama watatu ambao hakuna anayemjua mwenzake.

Wengi huanza kwa kuchora sita hao na kuunganisha wanaojuana kwa mistari. Ni mwanzo mzuri, lakini michoro inayowezekana ni maelfu, na hakuna atakayeimaliza yote. Inatakiwa hoja moja inayoifunika yote.

Mchukue abiria mmoja, aitwe Furaha. Wamebaki watano. Kila mmoja wao, ama Furaha anamjua, ama hamjui. Watano wakigawanywa katika makundi hayo mawili, kundi moja litakuwa na watu watatu au zaidi, maana wawili na wawili ni wanne tu. Chukua kwamba Furaha anawajua watatu. Kama wawili kati ya hao wanajuana, basi pamoja na Furaha wamekuwa watatu wanaojuana. Kama hakuna hata wawili wanaojuana, basi hao watatu ni wageni kwa wageni. Na kama kundi kubwa ni la wale ambao Furaha hawajui, hoja ni ile ile, imegeuzwa tu.

Maelezo hayo yanatosha kwa boti yoyote na kwa abiria wowote sita.

Swali la kwanza kabisa, 1959

Mfano wa pili ni swali lililofungua olimpiadi ya kwanza. Wanafunzi waliombwa kuonyesha kwamba sehemu yenye 21n + 4 juu na 14n + 3 chini haiwezi kamwe kurahisishwa, n ikiwa namba kamili yoyote.

Ukiweka 1 mahali pa n, unapata 25 juu ya 17. Ukiweka 2, unapata 46 juu ya 31. Ukiweka 3, ni 67 juu ya 45. Hakuna hata moja inayorahisishwa. Mwanafunzi anaweza kujaribu mara mia na kuona hivyo hivyo, lakini majaribio mia hayasemi lolote juu ya lile la mia na moja.

Ufunguo ni jambo linalofundishwa mapema: namba inayogawanya namba mbili bila baki, hugawanya pia tofauti yao. Kama kuna namba inayogawanya 21n + 4 na 14n + 3 kwa pamoja, basi inagawanya tofauti yao, yaani 7n + 1. Kwa hiyo inagawanya pia mara mbili ya hiyo, ambayo ni 14n + 2. Sasa inagawanya 14n + 3 na 14n + 2, kwa hiyo inagawanya tofauti yao, ambayo ni 1. Namba inayogawanya 1 ni 1 peke yake. Basi hakuna cha kurahisisha.

Mistari minne, bila fomula ngumu. Mwanafunzi anayejua kutoa na kugawanya anaweza kuifuata.

Kushuka ngazi hadi sifuri

Sasa lile la 1988. Zipo namba kamili mbili, a na b, zote kubwa kuliko sifuri. Inasemwa kwamba a² + b² inagawanyika kwa ab + 1 bila baki. Onyesha kwamba jibu la mgawanyo huo daima ni mraba kamili, yaani namba kama 1, 4, 9 au 16.

Hatua ya kwanza ni kutafuta namba ndogo zinazokubali. Ukichukua 2 na 8: 4 + 64 ni 68, na 2 mara 8 ongeza 1 ni 17. 68 gawanya kwa 17 ni 4. Ukichukua 3 na 27, unapata 738 gawanya kwa 82, ambayo ni 9. Ukichukua 8 na 30, unapata 964 gawanya kwa 241, na jibu ni 4 tena.

Hapo mwenye macho anasimama. 2 na 8 zinatoa 4, na 8 na 30 pia zinatoa 4. Ile 8 iko pande zote mbili. Je, jozi hizi ni za ukoo mmoja?

Ndivyo ilivyo. Jibu la mgawanyo likiitwa k, usawa a² + b² = k(ab + 1) unaweza kusomwa kama mlinganyo wa daraja la pili, ule ambao wanafunzi wa Kongo wanaujua kwa jina la équation du second degré. Shikilia b, na a iwe ndiyo inayotafutwa. Mlinganyo huo una majibu mawili. Moja ni a tuliyokuwa nayo. Jingine linapatikana kwa kanuni inayofundishwa sekondari juu ya jumla ya majibu mawili: ni kb kutoa a.

Kwa 30 na 8, k ikiwa 4: 4 mara 8 ni 32, toa 30, inabaki 2. Kwa hiyo 30 inaondoka, 2 inaingia, na jozi inakuwa 8 na 2. Rudia: 4 mara 2 ni 8, toa 8, inabaki 0. Jozi imekuwa 2 na 0. Na b ikiwa 0, usawa wa mwanzo unabaki a² = k. Hapa 2² = 4. Ndiyo maana jibu lilikuwa mraba.

Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba ngazi hiyo hushuka daima, kwa jozi yoyote ile. Ukiondoa namba kubwa, namba mpya haiwezi kuwa na nusu wala robo, kwa sababu imetokana na kuzidisha na kutoa namba kamili. Haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa sababu hapo ab + 1 ingekuwa sifuri au chini yake, na upande wa pili wa usawa una miraba miwili ambayo jumla yake ni zaidi ya sifuri. Tena ni ndogo kuliko b: ikizidishwa na a inatoa b² kutoa k, ambayo ni chini ya b², na a si ndogo kuliko b. Namba kamili zinazopungua bila kupita chini ya sifuri haziwezi kupungua milele. Lazima zifike sifuri. Na zikifika, k ni mraba.

Zana zote zilizotumika zipo katika programu ya sekondari ya Kongo. Ugumu ulikuwa katika kuthubutu kuuliza: kama jozi hii ina ndugu mdogo, ni nani?

Chaki, kaye na muda

Mazoezi ya maswali haya yana desturi zake. Kwanza, kujaribu namba ndogo kabla ya kutafuta fomula. Pili, kuandika uthibitisho mzima kwa sentensi, kisha kumpa mwenzako ausome akitafuta tundu. Tatu, kutofungua suluhisho mapema. Swali moja zuri kwa juma, lililoshikiliwa siku tano, linafundisha kuliko maswali ishirini yaliyonakiliwa ubaoni. Hata siku ambazo hakuna kilichopatikana si za bure, kwa sababu ndizo zinazomwonyesha mwanafunzi kwa nini njia fulani haipiti.

Gharama ni ndogo. Maswali ya kila mwaka tangu 1959 yanapatikana bure kwenye tovuti rasmi ya olimpiadi, na mengi yapo kwa Kifaransa. Mwalimu mwenye simu anaweza kuyanakili kwenye kaye yake mara moja, na kaye hiyo ikatumika miaka mingi, darasani ama chini ya hema.

Mashariki mwa Kongo, ambako watoto wengi wamekatiwa masomo na vita, jambo hilo si dogo. Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran mwaka 1977, na utoto wake ulipita katika miaka ya vita kati ya Iran na Irak, vilivyodumu kutoka 1980 hadi 1988. Mwaka 1994 alipata dhahabu katika olimpiadi, na mwaka 1995 akairudia, safari hiyo kwa pointi 42 juu ya 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields. Yeye mwenyewe, hadi kifo chake mwaka 2017, alijulikana kwa kujiita mtu wa polepole katika hesabu.

Neno hilo linafaa kufika masikioni mwa msichana ambaye ameambiwa kwamba hesabu si zake kwa sababu anachelewa kujibu. Katika masaa manne na nusu kwa maswali matatu, hakuna anayepewa pointi kwa kuinua mkono wa kwanza.

Kwa anayetaka kuanza leo, ngazi ya 1988 bado ipo. Ilishuka kutoka 8 na 30 hadi 2 na 0. Lakini ngazi hupandwa pia: baada ya 2 na 8, kisha 8 na 30, jozi inayofuata ni 30 na namba gani? Ina tarakimu tatu, na anayeipata anaweza kuihakiki mwenyewe kwa biki: mgawanyo lazima utoe 4.