Haraka ya Mlaji, Hatari ya Dereva

Mkungu wa ndizi ushukao kutoka Vugiri kwenda mjini Korogwe mara nyingi hubebwa na kijana juu ya pikipiki. Nyumbani kwake wako mama, mke na watoto wanaomtazamia arudi.

Vugiri ni kata ya milimani, katika safu ya Usambara, wilayani Korogwe. Njia za milima hiyo zina kona na miteremko mikali, na udongo wake, mvua inyeshapo, huteleza kama sabuni. Lori halifiki kila kitongoji, pikipiki hufika. Ndiyo maana bodaboda, tuliyemzoea kwa kubeba abiria, amekuwa pia mchukuzi wa chakula. Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, wenzake hupeleka chakula kilichokwisha kupikwa kwa wateja walioagiza kwa simu. Wote hao wana adui mmoja, naye ni haraka.

Haraka hiyo ina chanzo. Madereva wengi si wenye pikipiki. Jioni hutakiwa kumpelekea mwenye chombo hesabu yake, kazi iwe imepatikana au haikupatikana. Kinachozidi ndicho chakula cha watoto. Hapo safari moja ya ziada, au gunia moja la ziada, huwa kishawishi kikubwa.

Lakini mteremko hausamehe. Dereva aendaye mwendo wa kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Akichelewa sekunde moja tu kushika breki, mita 10 zimekwisha kwenda. Akiuzidisha mwendo huo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huwa mara nne, na utelezi huuongeza zaidi. Mzigo mzito uliorundikwa nyuma hulipunguzia uzito gurudumu la mbele, na usukani hukosa utii. Ateremkaye kwa gia ndogo husaidiwa na injini. Azimaye injini ili kuokoa petroli huitegemea breki peke yake.

Tena iko kofia ngumu. Uchunguzi uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kofia hiyo humpunguzia mwendesha pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimwokoi mtu.

Ni rahisi kumlaumu kijana peke yake. Lakini mwenye pikipiki anaweza kupunguza hesabu siku za mvua, na kutengeneza breki kabla hazijakatika. Mama lishe anaweza kuagiza mboga tangu jana yake. Mteja wa mjini anaweza kungoja bila kupiga simu kila dakika. Mke naye, mumewe atokapo alfajiri, amwulize kofia iko wapi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Chakula kilichochelewa hupashwa moto kikaliwa. Baba aliyevunjika mgongo huiachia jamaa yake mzigo usioteremka mlima wowote.