Mbwa Anayelia Askari Aendapo Lindoni

Katika nyumba za askari mjini Mbarara hutokea jambo ambalo majirani hulijua kuliko mwenye mbwa. Askari afungapo mlango na kwenda lindoni, mbwa wake huanza kulia kwa sauti ndefu, hukwaruza mlango, hutafuna kandambili za bwana wake, na pengine hukojoa palepale anapolala. Askari arudipo asubuhi na kuuona mlango, huchukua fimbo. Jirani aliyekosa usingizi humwunga mkono.

Fimbo hiyo hupigwa bure. Mnyama huyo hakufanya ukaidi. Alishikwa na hofu ya kuachwa. Mbwa kwa asili ni mnyama wa kundi, na watu wa nyumba ndio kundi lake. Wapo wasemao kwamba hujua kosa lake, kwa kuwa hufyata mkia. Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa sura ile ya majuto hutokana na karipio la bwana, wala si kosa lenyewe. Basi apigwaye muda mrefu baada ya tendo hujifunza tu kwamba kurudi kwa bwana wake nako ni hatari.

Si kila mbwa mharibifu ana hofu hii. Mwenye njaa hufukua takataka, na mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu kwa kuwa anaota meno. Mwenye hofu ya kuachwa hutambulika kwa wakati: matata yake huanza mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, wala hayatokei mwenyewe akiwapo. Hudondosha mate, hutweta pasipo joto, hukataa hata nyama. Jirani na aombwe kutazama saa. Ushahidi wake ni bora kuliko wa mwenye mbwa, ambaye hayupo.

Tiba huanza na viatu. Mbwa huzijua dalili za safari: buti, mkanda, mlio wa funguo. Askari avae buti zake kisha aketi anywe chai, naye afanye hivyo mara nyingi mpaka mbwa asijali. Halafu atoke nje kwa muda wa pumzi chache tu, arudi kabla kilio hakijaanza. Kesho dakika moja, baadaye tano. Mbwa akilia, muda umerefushwa upesi mno, na upunguzwe. Kazi hii huchukua majuma, na katika majuma hayo mke, watoto wakubwa au jirani wakae naye wakati wa zamu. Kumfungia kibandani huongeza hofu, na wengine hujivunja meno wakitafuta njia. Kuleta mbwa wa pili mara nyingi hakusaidii, kwani anayetafutwa ni mtu. Dawa za kutuliza zipo, lakini mwenye kuzitoa ni daktari wa mifugo. Vidonge vya binadamu havifai.

Kusini-mashariki mwa Mbarara, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, shida hii ni nzito zaidi. Wasomali wengi wa huko hawafugi mbwa kwa sababu za dini, lakini jirani zao wakulima humtaka alinde mbuzi na mahindi. Hapo mbwa huachwa kutwa watu waendapo shamba au foleni ya mgawo, na pengine huachwa moja kwa moja, familia ipatapo nafasi ya kuhamia nchi nyingine. Askari atumwaye Somalia, ambako jeshi la Uganda lilianza kwenda mwaka 2007, humwacha wake vivyo hivyo.

Mbwa wa namna hiyo huzurura akitafuta, naye aweza kupata kichaa cha mbwa na kuuma watoto. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, maana dalili zikitokea karibu hakuna aponaye.

Mwenye kuondoka amtafute mlezi majuma kadhaa mapema, si siku ya basi. Mlezi aje kumlisha kwa mkono wake mwenyewe akiwapo. Mbwa akalale kwake usiku mmoja, kisha miwili, na siku ya kuhama achukuliwe pamoja na gunia lake la kulalia, lisifuliwe kwanza. Cheti cha chanjo nacho kikabidhiwe.