Fahamu: Kwa nini wahakiki walikwazwa na 'Our Father'

Filamu hii ya Netflix ya Mei 2022 inamhusu Donald Cline, daktari wa uzazi wa Indianapolis, Marekani, aliyewapandikizia wagonjwa wake mbegu zake mwenyewe kwa siri. Vipimo vya DNA vimefichua watoto zaidi ya 90. Wahakiki waliguswa na ushuhuda wa watoto hao, ila baadhi walilalamikia maigizo ya kutisha na dhana, isiyothibitishwa, kwamba daktari alisukumwa na imani ya kidini. Wana haki: kisa chenyewe kinatisha bila muziki wa mizimu. Kilichostahili dakika zaidi ni sheria. Cline alikiri kuwadanganya wachunguzi tu, akapewa kifungo cha nje. Indiana ilitunga sheria dhidi ya udanganyifu wa daktari kutumia mbegu zake kwa siri mwaka 2019, yeye akiwa ameshahukumiwa.