Paka wa Nyumba Haingwa: Paka Baladi wa Riyadh na Jeddah

Nenda soko lolote la Dar es Salaam uulize bei ya kuku. Wa kienyeji atakuwa ghali kuliko wa kisasa, na muuzaji atakueleza sababu bila kuulizwa: ana ladha, ni mgumu, hafi ovyo. Kwa paka mambo ni kinyume. Paka wa kienyeji hana bei, hana cheti cha ukoo, na mara nyingi huingia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Katika nyumba za Riyadh na Jeddah, pamoja na zile za Waswahili waliokwenda huko kwa kazi au masomo, paka hutajwa kwa majina mawili. Wa kwanza ni shirazi, yule wa Kiajemi mwenye manyoya marefu na uso bapa, anayeuzwa dukani akiwa ndani ya kizimba. Wa pili ni baladi. Neno hili linatokana na balad, yaani mji au nchi, kwa hiyo paka baladi ni paka mwenyeji, ndugu yake kuku wa kienyeji. Kati ya hao wawili wapo chotara tele, mwenye mkia mnene wa shirazi na pua ndefu ya baladi, au mwenye madoa ya rangi tatu ambayo hakuna ajuaye ameyarithi wapi.

Anayetaka kuwaona na azuru Al-Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014. Msomaji wa Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar atajiona yuko kwao: nyumba za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba, na paka amelala kivulini. Bandari haina paka wa ukoo mmoja. Majahazi na meli zilibeba paka wa kuwinda panya, na kila chombo kilichotia nanga kiliweza kuacha kizazi chake ufukoni.

Hata hivyo, huyu asiye na cheti ana nasaba ndefu. Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Carlos Driscoll, uliochunguza vinasaba vya paka zaidi ya 900. Ulionyesha kuwa paka wote wa kufugwa duniani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Karibu, na kwamba paka mwitu wa majangwa ya eneo hilo, Saudi Arabia ikiwemo, karibu hawatofautiki kivinasaba na paka wetu wa nyumbani. Shirazi wa dukani naye ni mjukuu wa ukoo huohuo, ila amechaguliwa na wafugaji kwa sura. Sura hiyo ina gharama. Uso bapa humpa taabu ya kupumua, manyoya hujifunga vifundo, na ukoo wake una ugonjwa wa kurithi wa uvimbe wa maji kwenye figo. Baladi na chotara, kwa kuwa damu yao imechanganyika sana, kwa kawaida huepukana na mengi ya hayo. Katika mji kama Riyadh, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 45, hilo si jambo dogo.

Kidini paka hana mgogoro na nyumba ya Mwislamu. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, kisha akamweleza mkwewe aliyeshangaa kuwa Mtume alifundisha kwamba paka si najisi. Ubishi umekuwa katika kumuuza, kwa kuwa ipo hadithi inayokataza thamani ya paka, ingawa wanazuoni wengi wameruhusu biashara hiyo. Mwaka 2006 polisi wa dini walipiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka mjini Jeddah na Makka. Mwaka 2008 ikafuata Riyadh, na huko sababu iliyotolewa ni kwamba vijana wa kiume waliwatumia wanyama hao kuwavuta wasichana. Leo maduka yanauza waziwazi. Baladi yeye marufuku ya kuuza haikuwa na la kumwambia: nani angemnunua?

Lakini kukosa bei ndiko kunakomponza. Kitu cha bure huachwa kirahisi.

Mtoto wa mgeni anayekulia ghorofani Riyadh hutumia kiangazi kizima ndani, kwa kuwa nje hakukaliki. Paka anakuwa mwenziwe wa kucheza na wa kulala naye mchana. Kisha Julai 2017 serikali ikaanza kutoza ada kwa wategemezi wa wafanyakazi wa kigeni: riali 100 kwa mwezi kwa kila mmoja, ikipanda kila mwaka hadi 400 mwaka 2020. Kwa mke na watoto watatu, hizo ni riali 1,600 kila mwezi. Familia nyingi zikafunga mizigo. Viza ya kutoka moja kwa moja hutaja baba, mama na watoto, haimtaji paka.

Kumsafirisha kunawezekana, ila hakufanyiki wiki ya mwisho. Atahitaji kwa kawaida chanjo ya kichaa cha mbwa, kitambulisho cha kielektroniki kinachowekwa chini ya ngozi, cheti cha daktari wa mifugo na kibali cha nchi anakokwenda, bila kusahau nauli ya ndege. Anayeona haviwezekani amtafutie nyumba nyingine mapema, na amhasi ili asiongeze wana wa mtaani. Kumfungulia mlango usiku wa kuamkia safari si kumpa uhuru. Paka aliyelelewa kwa bakuli hajui jaa la taka wala gari lipitalo.

Wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni neno la kale la kufukuza; wengine husema kuwinga, kama mtu anavyowinga ndege shambani. Mwalimu akilitoa darasani tunalifasiri upesi kuwa la watu: jamaa wa nyumbani hafukuzwi hata akikosea. Fasiri hiyo ni sahihi. Lakini methali ilianza na paka, na hakuna aliyetaja kwamba sharti awe shirazi.