Ndai Yenye Pembe

Ilikuja nyeupe. Nyeupe ile ya mashirika, rangi yenye kila mtoi wa Kakuma anaijua kabla ajue kusoma. Kwa mlango kulikuwa kumebaki tu kivuli cha stika iliyong'olewa, na kibodi cha nyuma kilikuwa kimeliwa na kutu hadi unaona ardhi. Beshte yangu akaizunguka mara mbili, akainama akacheki chesi, akagonga boneti na ngumi, kisha akaninong'onezea ndio muuzaji asiskie, "Buda, hii bado si ndai. Hii ni ng'ombe haijavalishwa."

Nikacheka. Nilidhani ni mdomo tu.

Hapo ni Custom, Juba, saa nne asubuhi, jua tayari limekasirika. Msee akikuskia unabonga Sheng hapa hashangai. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na wasee mob wa rika letu walisoma huko, ama Nakuru, ama Eldoret, ama wakajibanza Umoja na Kayole. 2011 nchi ikapata bendera, watu wakabeba magodoro wakarudi, na Sheng ikapanda basi bila tiketi. Siku hizi sokoni tunabonga Arabi Juba, kwa mathe tunabonga Kidinka, na chini ya gari, mgongo kwa katoni, tunabonga hivi.

Sasa skia kuhusu chuma yenyewe. Ni Land Cruiser 75, pikapu ya milango miwili. Toyota walianzisha ukoo wa 70 mwaka 1984, na 1990 wakaitilia injini inaitwa 1HZ: dizeli, silinda 6 kwa mstari, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Haina haraka pia, tusidanganyane. Lakini ikizima katikati ya msitu, fundi mwenye spana tatu na akili kidogo anaiamsha. 1999 ndio 79 ilikuja, ikaleta springi za koili mbele. 75 yetu ni ya vyuma vilivyopangwa kama chapo, mbele na nyuma, so ukipita shimo mgongo unajua. Na usikubali kuuziwa stori: hesabu nati za tairi. 75 ina 6, 79 ina 5. Beshte alihesabu kwanza ndio akatoa ganji.

Usukani uko kulia. Muuzaji alidai ndai ilianzia Loki, upande wa Kenya, enzi za Operation Lifeline Sudan, ile kazi ya misaada UN ilianzisha 1989. Inaeza kuwa kweli, inaeza kuwa bei tu inatafuta sababu. Shida ni kwamba Sudan Kusini tunaendeshea kulia, tabia tulirithi Khartoum, so dere wa usukani wa Kenya anakaa upande wa mtaro. Kwa lami ya Nimule, kilomita 192 zilizomalizika 2012, ukitaka kupita lori huoni kitu. Turnboy ndio jicho lako. Yeye ndio anachungulia, anasema "ingia" ama "rudi", na wewe unaamini. Wasee wa hiyo njia wanachaguanga turnboy kwa makini kuliko vile wanachagua bibi.

Kuhamisha usukani beshte alikataa. Alisema hiyo doh iende kwa vitu zinaokoa maisha.

Kwanza mkonga, ile snokeli inapanda kando ya kioo hadi juu ya paa. Watu wanadhani ni ya luku. Mvua ya huku inaanza Aprili hivi, inasonga hadi Novemba, na udongo mweusi ukilowa unageuka gundi. Mto mdogo wa jana leo unafika kwa taa. Na kiangazi kikirudi, mkonga huo huo unavuta hewa ya juu, mahali vumbi imepungua. Halafu chuma mbili za ziada kwa kila springi ya nyuma. Halafu tangi ya pili ya mafuta. Nchi yetu inatoa mafuta ghafi, lakini dizeli tunachoma inaingia na malori kupitia Nimule, na ikikufikia mashambani imepitia mitungi mob sana. Ndio maana alifunga filta ya pili yenye kikombe cha kunasa maji. Kila asubuhi anakifungua, anamwaga, anakiangalia kama daktari anaangalia mkojo.

Mbele, winchi. Mahali hakuna mti wa kufunga kamba, unachimba, unazika tairi ya spea, unajivuta nayo. Sijawahi ona kazi ya mikono inachosha hivyo, lakini inatoa ndai kwa matope.

Fundi mmoja mzee, alitoroka Khartoum vita ilipolipuka 2023, akaongezea yake. Alisema lori za Sudan za zamani zilikuwa zinaninginiza girba ubavuni, ule mfuko wa ngozi ya mbuzi wa maji. Maji yanapenya kidogo kidogo kwa ngozi, upepo unayakausha, na yale ya ndani yanapoa. Hakuna friji, hakuna waya. Tukafunga mbili, za turubai, nyuma ya milango. Saa nane mchana, jua likiwa limechachamaa, unakunywa maji baridi unamwombea huyo mzee.

Kuna kitu moja tu ilikatazwa kabisa: nguzo katikati ya kibodi. Sijui kama msee wa Nairobi anaeza elewa hii. Pikapu hii hii ndio Sudan wanaiita tatcha ikibebeshwa bunduki kubwa. 1987 Chad ilipiga Libya na pikapu kama hizi hadi vita ikapewa jina la Toyota. Na hapa Juba watu wanakumbuka vita vya 2013, wanakumbuka Julai 2016, wanakumbuka sauti ya dizeli nyingi usiku. Ukisimamisha bomba wima hapo nyuma, hata kama ni ya kufungia mwavuli, mathe wa chai atakuangalia vibaya. So chuma ya kulinda paa ikawekwa chini, imeshikana na kabini, na nyuma tukatia viti viwili virefu vya mto mwekundu, kama sebule. Rangi ya kijani hata hatukuijadili.

Rangi ndio ilileta drama.

Msee wa rangi alikuwa mkenya, amechora nganya za Eastlands. Huyo anajua historia yake kama Biblia: vile sheria za waziri Michuki za 2004 zilifuta michoro zikaacha mstari wa njano, na vile 2014 Uhuru Kenyatta alisema vijana waachwe wachore. Alikuja na picha za marapa kwa simu. Akauliza, "Nikuwekee nani?"

"Majok," beshte akasema.

"Majok ni msanii wa wapi?"

Tulicheka hadi welda akazima jenereta ajue kuna nini.

Majok si msanii. Majok ni rangi. Kidinka kina jina la kila rangi na kila baka la ng'ombe, na majina ya madume yanaanza na "ma". Mabior ni mweupe. Ndio hilo jina kwa marehemu kiongozi wetu, John Garang de Mabior. Malual ni mwekundu wa kahawia. Majok ni mweusi na mweupe, mabaka makubwa. Na zamani, kijana akishaingia utu uzima, alipewa maksai wake wa nyimbo. Huyo hakuwa wa kulima wala wa maziwa. Alikuwa wa kutembezwa. Kijana alimfunga kengele shingoni, akaninginiza nywele za mkia kwa ncha za pembe, akamtungia nyimbo, hadi watu wakamwita kijana mwenyewe kwa jina la rangi ya maksai. Pembe zenyewe zilichongwa mapema, zikakatwa kwa mshazari, ndio zikikua moja ielekee mbele na nyingine ishuke chini. Pembe zinazofanana hazikuwa na stori.

Msee wa nganya akanyamaza, akawasha sigara, akasema, "Kumbe mlianza ku-pimp kitambo."

Alimaliza siku nne. Mabaka yake hayana ukingo mkali. Yanaishia kama manyoya. Upande wa kulia baka linapanda boneti hadi kwa mkonga, kushoto mlango mzima umebaki ile nyeupe ya kwanza, na ukichungulia vizuri kivuli cha stika bado kiko.

Pembe zikatengenezwa na welda wa Kampala, bomba la inchi mbili, zimefungwa juu ya bulbar na hazivuki upana wa bampa, ndio zisichome mtu sokoni. Tulimwachia mchoro tukaenda kula. Kurudi, tunapata amefanya kazi safi, pembe mbili sawasawa, zimesimama kama za katuni. Alisema mchoro wetu ulikuwa na makosa, moja ilikuwa imeanguka, kwa hivyo ameisaidia. Ilibidi awashe moto tena aiangushe. Alifanya akinung'unika Kiganda muda wote.

Wiki iliyofuata anko wa beshte aliingia kutoka upande wa Bor, amekuja hosi kuangaliwa macho. Mzee wa mifugo. Hajawahi penda magari. Anasema yanakula kila siku na hayazai. Beshte hakumwambia kitu. Aliisimamisha tu chini ya mwarobaini akajifanya anakaza nati.

Mzee aliizunguka mara mbili. Akainama. Akagonga boneti na kiganja. Kengele tulikuwa tumeifunga chini ya bulbar, akaigusa na fimbo ikalia. Akasimama mbele ya zile pembe kwa muda mrefu, macho yake mabovu yamekunjwa, kisha akauliza kwa Kidinka, "Hii ya kushoto uliikata akiwa na umri gani?"

Beshte akasema, "Akiwa mkubwa tayari, anko. Nilichelewa."

Mzee akaguna. Akaegemeza fimbo kwa tairi. Akainua mikono, mmoja ukaenda mbele, mwingine ukashuka, sawa kabisa na bomba la Kampala, na miguu yake ikaanza kukanyaga vumbi polepole.

Msee wa nganya akanivuta shati, anataka kujua form ni gani. Nikamwambia atulie. Mzee alikuwa anatafuta wimbo.