Tone la Damu, Mistari Miwili: Jinsi Kipimo cha VVU Kinavyofanya Kazi

Baadhi ya watu hukwepa kupimwa VVU kwa kudhani kwamba kifaa cha kupimia kina virusi ndani yake. Hakina. Kilichomo ni vipande vya protini vilivyoundwa na wataalamu maabarani, ikiwemo vile vifupi viitwavyo peptidi, vinavyofanana na sehemu ndogo tu ya virusi. Kipande hicho hakiwezi kuzaana wala kumwambukiza mtu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kipimo cha kwanza, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1985, kilitegemea virusi halisi vilivyokuzwa maabarani, vikauawa na kuvunjwavunjwa. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, na mabaki ya seli zilizotumika kuvikuza wakati mwingine yalileta majibu ya uongo. Baadaye wanasayansi walichagua kipande cha protini ya virusi iitwayo gp41, ambacho karibu kila mwili ulioambukizwa hutengeneza kingamwili dhidi yake, wakakiunda upya bila kugusa virusi.

Kipande hicho hupakwa kama mstari usioonekana kwenye utepe wa kifaa. Damu inaposambaa kwenye utepe, kingamwili za VVU, kama zipo, hunaswa hapo pamoja na chembe za rangi, na mstari hujitokeza. Mstari wa pili ni wa kuthibitisha kwamba kifaa kinafanya kazi. Usipoonekana, jibu halifai na mtu hupimwa upya.

Hata hivyo, kingamwili za ugonjwa mwingine huweza kunaswa kimakosa. Ndiyo maana mwenye mistari miwili hapewi jibu papo hapo, bali hupimwa tena kwa vifaa vya aina nyingine. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2019 kwamba vipimo vitatu vikubaliane kabla ya mtu kuambiwa ana VVU. Anayeitwa kupimwa mara ya pili asikimbie. Bado hajapewa jibu.

La kukumbukwa ni kwamba kifaa hiki hutafuta kingamwili, si virusi. Mwili huchukua muda kuzitengeneza, kwa kawaida wiki tatu hadi miezi mitatu, kwa hiyo aliyeambukizwa juzi anaweza kupata jibu la kutokuwa na VVU. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: hubeba kingamwili za mama hadi karibu miezi 18, na kifaa kinaweza kuonyesha mistari miwili ilhali hajaambukizwa. Mama mwenye VVU amlete mtoto kliniki akiwa na wiki sita achukuliwe damu ya kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe.

Na aliyekuwa katika hatari ya kuambukizwa ndani ya saa 72 zilizopita asisubiri kingamwili. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, aulizie dawa za PEP.